Tsonka na Tundu Lililogoma Machi Mosi

Saa nne kasoro asubuhi, Tsonka Radeva amepiga magoti nyuma ya pazia la ukumbi wa vikaragosi mjini Ruse, tochi mdomoni. Upande wa pili, watoto waliotoka vijijini kwa basi wanapiga miguu sakafuni. Sauti na taa zote za onyesho hupitia tundu moja la USB-C kwenye kompyuta, na tundu limenuna.

"Nimeshabadilisha waya tatu!" analalama Metodi, mwenye ukumbi. "Inaniambia kifaa hakitambuliki. Dada Tsonka, hawa watoto nitawaambia nini?"

"Waambie mjomba Metodi anapenda kununua waya."

Tsonka, 58, alishona magauni kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa. "Macho ya sindano nilikuwa nayo, nikajifunza kompyuta," anasema. Kwa kazi kama hii hutoza euro kumi na tano, ingawa wengine humlipa chupa ya pilipili za kuchoma. Ndoto yake ni kuwafundisha ufundi huu wenzake wa kiwandani, katika chumba cha juu ukumbini humu. Metodi amemkatalia mara mbili: vikaragosi vitalala wapi?

Anaizima kompyuta, anaingiza kijiti cha meno tunduni, anavuta. Sufu! Nyekundu na nyeupe.

"We Metodi! Umeivisha kompyuta uzi wa Machi?"

"Si kila mtu leo kavaa?" Metodi anajitetea, naye kaufunga mkononi, kama desturi ya hapa kila Machi mosi. "Nikasema nayo ipate afya."

"Basi imeshiba afya hadi kooni!"

Anaiwasha. Bado hola. Metodi anajishika kichwa.

Tsonka hababaiki. Chipu inayoongoza tundu, anaeleza, ilihisi mguso wa ovyo ikajifungia isiungue, na umeme uliobaki ndani unaifanya iendelee kususa. Anazima, anachomoa chaja, anafungua mfuniko na kuchomoa waya wa betri. Kisha anachungulia pazia.

"Wanangu, nihesabieni hadi thelathini!"

Ukumbi unalipuka. Moja! Mbili! Tsonka kabonyeza kitufe cha kuwashia, kidole hakibanduki, umeme uishe wote. Thelathini! Betri inarudishwa, kompyuta inawaka, na jogoo wa onyesho anawika kwenye spika hadi Metodi anaruka. Weee! Hata mwandishi wa makala haya amejikuta akipiga makofi.

Metodi anafuta jasho, anachomoa ufunguo mmoja kwenye shada lake la funguo na kumpa Tsonka.

"Vikaragosi vitabanana," anasema.

Tsonka anaokota ile sufu sakafuni na kuifunga kwenye ufunguo. "Hapa ndipo mahali pake," anasema, machozi yakimlengalenga. "Nitawaambia wenzangu, Jumatano waje na miwani."