Maziwa Asiyoyaonja Papa Ntakwinja

Pasi ya makaa ikigusa shati lililonyunyiziwa maji hutoa harufu ambayo siku hizi siisikii tena popote: moshi kidogo, wanga wa muhogo, na kitu kama mkate unaoanza kuungua. Nilipokuwa na miaka kama minane hivi, harufu hiyo ndiyo ilikuwa nyumbani kwangu tangu asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Wabeleji, na baba yangu, Bisimwa, alikuwa amepata kazi mpya ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ya Wazungu kule Muhumba, mtaa wao wa Bukavu kando ya ziwa. Mama alikuwa amefariki, akatuachia Murhula, mtoto wa mwaka mmoja na kidogo, miguu myembamba kama vijiti vya kusimamishia maharage. Ndugu za mama walitaka kumpeleka kwao Luhwindja. Baba akakataa, akasema mtoto akienda huko atarudi mtu mzima, amwite baba yake mgeni. Kumwacha kwa majirani wetu wa Kadutu alikataa vilevile, maana jirani mmoja alikohoa mno na mwingine aliuliza maswali mengi mno. Basi kila asubuhi tuliteremka watatu, ukungu wa ziwa ukitulowesha nyusi, Murhula mgongoni mwangu amefungwa kwa kitenge cha marehemu. Madamu Odile, bibi wa nyumba ile, alikubali tukae katika kibanda cha kufulia, mradi asituone wala asitusikie. Tukajifunza kukohoa ndani ya nguo chafu.

Baba alikuwa mtu wa kushuku hata kabla ya kufiwa, lakini kazi ile ilimnoa kama panga. Aliogopa kuipoteza, na mwenye kuogopa huona dalili kila mahali. Kweli dalili zilikuwapo. Cirhuza, mtunza bustani, mtu wa maneno na meno makubwa, aliambiwa asipande tena mbaazi. Bati la kibanda chetu lilianza kuvuja, na bwana wa nyumba, ambaye alikuwa mtu wa kutengeneza kila kitu siku hiyo hiyo, akalitazama tu, akaingia ndani. Mjini kulikuwa na manong'ono kwamba Wazungu watakwenda, wengine wakisema hawaendi popote. Baba alisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ila yeye hakuwashuku Wazungu. Alimshuku mpishi.

Mpishi aliitwa Papa Ntakwinja. Alikuwa mnene, mpole, mwenye aproni nyeupe kuliko kanzu ya padri, na alikuwa amezeekea katika majiko ya Wazungu. Alikuwa pia na mpwa wake, Kahasha, kijana ambaye hakuwa na kazi na ambaye kila mara alipita nyuma ya jiko kumsalimu mjomba. Baba alimhesabu Kahasha kuwa ndiye atakayeshika pasi yake. Na mara, mvua kubwa zilipoanza, Papa Ntakwinja akaanza kutuletea maziwa. Kila asubuhi alikuja na kikombe cha bati, vuguvugu, utando mnene juu, akakiweka dirishani na kusema, "Ya mutoto huyu," kisha akaondoka upesi bila kutazama mtu usoni.

Kwetu Bushi, nchi ya Bashi, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Iwe pombe ya ndizi, iwe uji, iwe maji ya mtungi, mwenyeji hupiga funda moja, ndipo akukabidhi, nawe unajua kwamba ndani hamna sumu wala dawa. Mtoto mdogo anajua hivyo kabla ya kujua kuvaa suruali. Papa Ntakwinja, Mshi wa Kabare, mzee wa kanisa, hakuonja hata siku moja. Baba alikichukua kikombe, akashukuru kwa heshima zote, na mzee alipogeuka, baba akayamwaga maziwa chini ya waridi la Madamu. Kisha akaniambia, "Nabintu, chunga hilo ua." Nililichunga kweli, nikingoja linyauke. Lilichanua mpaka likavunja kijiti chake. Baba akasema sumu ya watu haiui maua.

Murhula ndiye aliyetuvua nguo hadharani. Alikuwa ameanza kutembea, na asubuhi moja, baba akiwa anapepea makaa, mtoto alishika ukingo wa dirisha, akakivuta kikombe, akanywa kama ndama. Tuliposikia anavuta pumzi, alikuwa na masharubu meupe. Baba alimrukia, akamwinamisha, akamtia kidole kooni, Murhula akapiga kelele zilizokatazwa katika nyumba ile. Papa Ntakwinja akaja mbio, mwiko mkononi.

"Umemupa mutoto wangu nini?" baba akauliza.

"Maziwa. Wewe ulizani nini?"

"Mbona huonjake? Kila siku unaleta, kila siku huonjake!"

Mzee akaushusha mwiko. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Bisimwa! Miaka yote hii niko mu jiko la Bazungu. Ukitia kinywa mu kikombe cha mutu, unaitwa mwizi, unafukuzwa. Nilisahau kuonja, ndugu yangu. Hata kwangu nyumbani bibi yangu ananigombeza." Akakiokota kikombe, akayamaliza maziwa yaliyobaki, akakipindua ili tuone hakuna kitu. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Mtu mwingine angeomba msamaha. Baba yangu akasema, "Sawa, sumu haimo. Sasa uniambie, unanipa kwa sababu gani? Mimi siko ndugu yako."

Papa Ntakwinja akatazama jikoni, akatazama ua, akashusha sauti. Wazungu walikuwa wanafunga nyumba ili warudi kwao. Yeye angebaki mpaka siku ya mwisho, lakini baba na Cirhuza wangeachishwa kazi mwezi ukiisha, na alikuwa ameapishwa asiseme. Alimwona Murhula mwembamba, akakosa usingizi, akaleta maziwa. "Kuna hoteli mujini, wanatafuta mutu wa pasi," akasema. "Nenda kesho. Utaje jina langu."

Cirhuza, ambaye alikuwa anasikiliza nyuma ya ua, akatokea na jembe. "Na mimi je? Mbaazi zangu ulikula wewe na Bazungu, maziwa nanyimwa, na hoteli pia nanyimwa?"

Mngedhani baba alikwenda hotelini kesho yake. Hakwenda. Tukipanda kilima kurudi Kadutu aliniambia ameuona mtego wote: akiondoka siku moja tu, kibandani ataingia Kahasha, na huko hotelini watamcheka. Tukashinda siku zile tukimvizia Kahasha. Papa Ntakwinja aliendelea kuleta maziwa, sasa akiyaonja kwa funda kubwa na sauti, makusudi, na Murhula akaanza kushika mwili. Kila asubuhi mzee aliuliza, "Umeenda?" Baba alijibu, "Kazi mingi."

Kilichomfumbua macho kilikuwa kazi yake mwenyewe. Madamu alileta rundo la makoti mazito ya sufu yanayonuka naftalini, makoti ambayo Bukavu hakuna baridi ya kuyastahili, akataka yote yapigwe pasi. Baba akapitisha pasi kwenye koti la kwanza, halafu akaisimamisha. Alikaa hivyo mpaka makaa yakafifia. Asubuhi iliyofuata akavaa shati lake zuri akaenda hotelini, akitaja jina la Papa Ntakwinja. Wakamwambia mtu wa Papa Ntakwinja ameshapokelewa. Kwenye meza ya pasi alisimama Kahasha.

Mzee aliapa kwa Bikira Maria kwamba alingoja mpaka hoteli ikataka kuchukua mtu mwingine, ndipo akamtuma mpwa wake. Huenda ni kweli. Baba alimjibu, "Nilijua tangu mwanzo," na maneno hayo aliyarudia mpaka uzeeni, kama mtu aliyeshinda kesi. Mwezi ulipoisha aliachishwa pamoja na Cirhuza. Tulikula muhogo mkavu na sombe, majani yake, bila mafuta, mpaka baba akaanza kupiga pasi barazani kwetu Kadutu, mashati ya vijana waliokwenda kwenye mikutano ya siasa na waliotaka kola zisimame. Murhula aliishi. Ni mzee sasa, analima Luvungi, ana tumbo. Mimi nimekwisha kuwazika wote wengine, na bado sijaamua kama Papa Ntakwinja alikuwa mwema au mjanja. Siku nyingine namwona mwema, siku nyingine namwona amesimama dirishani na ule mwendo wake wa kukwepa macho.

Juzi mjukuu wangu Nsimire aliingia kwangu, mtoto wake wa miezi sita mgongoni. Katika kazi yake mpya ya ofisini hajamaliza hata mwaka. Akanionyesha simu: wamemwandikia kwamba mradi unapunguza watu. Nikamuuliza ni nani aliyeandika, ametoka wapi, wa ukoo gani, alikuwa anamsalimuje asubuhi. Akapandisha maneno juu kwa kidole, akayashusha. "Hakuna jina, Koko. Inatoka tu ofisini." Nikaichukua simu mwenyewe, nikavaa miwani, nikatafuta herufi kwa herufi mtu wa kumshuku.