Mwaka Niliokaa Chumba Kimoja na Anitha

Niliondoka kwetu Ukerewe kwenda Mwanza kusomea uhandisi wa umeme kwa sababu hesabu nilikuwa naziweza kuliko wavulana wote wa darasa letu. Baba yangu, mkulima wa machungwa, alianza kuniita Injinia hata kabla chuo hakijanijibu. Siku ya safari alinibebea sanduku hadi gatini Nansio. Pampu yake ya sola ya kumwagilia ilikuwa imeanza kusumbua.

"Nenda, Nyangeta," alisema. "Hii pampu simwiti fundi. Nakungoja wewe."

Ziwa lilikuwa limetulia. Nilikaa juu ya meli, upande wa upepo, nikijiona mtu mkubwa.

Bandarini Mwanza nilipokewa na mama mdogo, akiwa na bintiye Anitha. Mimi na Anitha ni rika moja, na tulikuwa tumechaguliwa chuo kimoja, kozi moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye mwenzio. Mtalala chumba kimoja na kusoma pamoja."

Anitha alinipokea sanduku, akasimamisha bajaji, akamchekesha dereva mpaka akapunguza nauli. Nilimpenda kweli. Nilimpenda hadi tulipofika kwao Pasiansi.

Chumbani alikuwa na meza yake ya kusomea dirishani, inayotazama ziwa, na juu yake kompyuta na kifaa cha kupimia umeme. Marehemu baba yake alikuwa fundi, akamzoesha nyaya tangu akiwa mdogo. Mimi kifaa kile nilikuwa nimekiona kwenye picha ya kitabu.

Wiki za mwanzo chuoni zilinipita kama maji. Wahadhiri walikimbia na Kiingereza chao. Nilikuwa bado naandika sentensi ya kwanza wao wakiwa ya tano. Karakanani tulipewa kila mmoja kipande cha chuma na tupa, tukisugue hadi kiwe bapa. Changu kilitoka na mgongo kama kobe. Cha Anitha mwalimu alikiinua darasa zima likione. Kisha Anitha akaja mezani kwangu.

"Nikuonyeshe?"

"Najua," nikamjibu. Sikujua hata kidogo.

Tangu hapo kila kitu chake kiliniuma: kicheko chake, namna alivyolala mapema na kuamka akiwa na majibu, namna walimu walivyolikumbuka jina lake na kuniita mimi "yule mwenzake". Jumapili moja nilipiga goti kanisani nikamwomba Mungu amwangushe mara moja tu, nimwone akianguka.

Siku moja tulikwenda darasa zima eneo la Nyakato kutembelea kiwanda cha samaki. Mhandisi mwenyeji, mama mmoja wa makamo, alisimama mbele ya mota akatuuliza kwa nini inapata joto kupita kiasi. Jibu nilikuwa nalo! Nilikuwa nimelisoma juzi yake. Nikawa bado nalipanga kwa Kiingereza kichwani, Anitha akalitoa kwa Kiswahili, pamoja na mzaha juu yake.

"Wewe," yule mama alimwambia akicheka, "ukimaliza chuo uje hapa."

Nilirudi Pasiansi na jibu langu mdomoni.

Likizo ilipofika, mama mdogo alisema Anitha twende naye Ukerewe akawasalimie ndugu. Sikutaka, lakini ningesema nini? Tulifika Nansio, na kweli baba hakuwa amemwita fundi. Michungwa michanga ilikuwa imesinyaa.

Asubuhi iliyofuata niliifungua ile pampu mbele ya baba. Nilipima, nikakokotoa, nikafunga, nikafungua tena. Kimya. Jua lilikuwa kali Anitha aliporudi kutoka kuoga ziwani, kanga begani. Alichuchumaa, akavuta waya mmoja kwenye maungio, akaukuta umeota kutu ndani. Aliukwangua kwa kisu cha jikoni, akauunga. Maji yakaruka.

Baba alipiga makofi. "Injinia!" akaita majirani. "Njooni mumwone injinia!"

Nilimfuata Anitha hadi ufukweni.

"Walimu ni wako, wenzetu ni wako, mpaka watu wa kiwandani ni wako. Sasa na baba yangu? Niachie hata hapa!"

Alikaa juu ya jiwe.

"Nyangeta, hesabu zimenishinda. Nina sapu. Nikifeli huo mtihani wa marudio, wananirudisha nyumbani. Mama hajui."

Nitawaambieni kilichotokea kifuani mwangu: furaha ilitangulia, huruma ikaja nyuma yake, ikijikokota.

"Nilitaka kukuomba unifundishe," akaendelea. "Kila nikifungua mdomo, nakuona ulivyonikunjia uso."

Ningeweza kusema nabaki kumsaidia baba shambani. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilisimama pale nikiosha miguu ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kalamu unazo?" nikamuuliza.

Tulirudi Mwanza likizo ikiwa bado mbichi. Melini nilianza kumfundisha, na nikagundua kuwa Anitha, kwa hesabu, ni mzito kweli. Aliniuliza jambo lilelile mara nyingi, na mimi, nakiri, nilifurahia kila mara. Lakini katikati ya ziwa alielewa swali moja gumu, akaruka akanikumbatia, nami nikajikuta napiga kelele kumshinda. Kwa hiyo kama huko nyumbani mnaniuliza nimejifunza nini mwaka wa kwanza, nimejifunza kwamba naweza kumwonea mtu wivu na kumtakia heri katika saa ileile, na hakuna kati ya hayo mawili linalongoja lingine liondoke.

Pasiansi, Anitha mwenyewe alimweleza mama yake habari za sapu. Alifanya mtihani, akafaulu kwa kuponea chupuchupu. Mama mdogo aliwaalika majirani, akamsifu bintiye alivyopambana. Jina langu halikutajwa, na wivu wangu wa zamani ukarudi.

"Mama," Anitha akamkatiza, akinisukuma mbele ya wageni, "aliyenifundisha ni huyu."

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa nimeyangoja mwaka mzima. Nikakimbilia jikoni. Anitha akanifuata.

"Mbona umekimbia?"

"Sato wanaungua."

Alichungulia kikaangoni, akachukua mwiko mwingine. Tukabaki pale wote wawili, bega kwa bega, tukigeuza samaki waliokwisha kuiva.