Feni Ambayo Baba Hajaiona

Kazi yangu ni kufundisha fizikia. Kila wiki watoto wa watu hukaa mbele yangu wakinakili habari za uzani na mvutano, na wakikosea nawachapa kwa kalamu nyekundu bila huruma. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani aliyepanda ngazi Jumapili ile.

Tunaishi upande wa Nyamira, si mbali na Keroka, kwenye mteremko. Barabara iko juu yetu, majani chai na mto viko chini yetu. Hapa kwetu kuna baridi, na ukimwambia jirani umenunua feni ya dari atakuuliza umehamia Mombasa lini. Lakini nyumba yangu niliijenga kwa pupa, mabati nikayaweka chini mno, na mwezi wa Januari saa saba mchana sebule hugeuka jiko. Binti yetu alikuwa na miezi minane na vipele vya joto vilikuwa vimemtambaa kuanzia shingoni hadi mgongoni. Mchana alipata usingizi mahali pamoja tu, kwenye mkeka katikati ya sebule, kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Nikaamua feni itafungwa hapo hapo, juu ya mkeka wake.

Dari yenyewe ni ya jipsamu, na katikati pana ua kubwa la plasta, limeviringwa kama keki ya harusi. Mgeni akiingia kwangu huonyeshwa lile ua kabla ya kuonyeshwa kiti. Ni lazima feni itokee katikati ya ua, nilijiambia, la sivyo watu watanicheka.

Ningeweza kumwita fundi. Lakini nilikuwa nimetazama video mbili kwenye simu, na mwanamume akishatazama video mbili hakuna wa kumwambia kitu. Isitoshe, fundi wa dari yupo kwetu: baba yangu. Alipiga dari miaka mingi mjini Nakuru kabla ya kurudi nyumbani, na ufundi wake wote aliusomea kwa Kiswahili. Nyumbani tunaongea Kigusii, lakini akigusa tu nyundo, lugha inabadilika yenyewe.

Shida ni kwamba baba haingii nyumbani kwangu. Hatujakosana. Ni chinsoni, ile heshima na haya iliyopo kati ya mzazi na mtoto: nikishaoa, nyumba yangu si mahali pa baba kukanyaga. Wazee wengine siku hizi wanakaa kwenye sofa za wana wao na kutazama taarifa ya habari. Wangu hunywa chai barazani, mgongo kaugeuzia dirisha, hata mvua ikimrushia maji.

Basi tukaifanya kazi hivyo hivyo, yeye barazani, mimi ndani.

"Umezima umeme?" baba aliuliza.

"Nimezima, Tata."

"Swichi ya ukutani ama meni?"

Nilishuka nikaenda kuzima meni, ile swichi kuu ya nyumba nzima.

"Sasa gonga siringi. Pole pole."

Nikaigonga dari kwa kifundo cha kidole. Alisikiliza kule nje kama daktari anayesikiliza kifua. "Hapo ni hewa tupu. Gonga kando. Hewa. Hewa. Enda juu kidogo."

Nilikuwa na drili mkononi, na kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi nikaenda juu. Niliisukuma drili ikapenya jipsamu, ikazama mpaka shingoni, na vumbi jeupe likanijaa machoni na mdomoni.

"Juu, nimesema!"

"Nimefika juu, Tata! Nimetokea ndani ya paa!"

Kisha nikasikia mzee akicheka hadi akakohoa. "Wewe mwalimu. Juu ni upande wa barabara. Chini ni upande wa mto."

Nilizaliwa kwenye mteremko huu. Tangu utoto wangu huku juu ni barabarani na chini ni mtoni, hata ukiwa umelala kitandani. Ilinibidi nipande ngazi na kushika drili ndipo nikasahau.

Nikagonga upande wa barabara. Sauti ikabadilika, ikawa nzito. "Hapo," alisema baba. "Hapo ndipo kuna boriti. Funga hapo, usifunge kwa unga." Unga ndilo jina lake la jipsamu.

Lakini boriti ilikuwa hatua nzima kutoka kwenye ua langu. Nikaliwazia ua kule na feni huku, nikawawazia wageni. Ndani ya sanduku la feni kulikuwa na vibanio vya plastiki, vile vinavyotanuka ukikaza skrubu. Nikavichomeka katikati ya ua, kwenye unga, nikakaza, nikapachika feni na mapanga yake yote. Ilikaa vizuri, yaani ilipendeza kweli.

"Imeshika mbao?" baba aliuliza.

Ningeweza kusema la. Lakini alikuwa nje, na mila yenyewe ilikuwa imenifungia mlango.

"Imeshika, Tata."

"Sawa. Kabla hujawasha, ning'inia."

"Nining'inie wapi?"

"Kwa hiyo feni. Shika bomba lake, uachilie miguu. Kama haiwezi kukubeba wewe kwa dakika moja, haiwezi kujibeba miaka kumi ikizunguka."

Mwalimu wa fizikia akatafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Nikashika bomba. Nikainua mguu mmoja, nikasali, nikainua wa pili.

Haikunibeba hata sekunde. Nilishuka pamoja na feni, ua la plasta na kipande cha dari kama meza, na nikaangukia makalio kwenye mkeka. Vumbi lilipotulia nikaona mtambo wa feni ulipotua. Ulikuwa umelala juu ya mto wa mtoto, katikati kabisa, pale kichwa kinapokaa.

"Mtoto!" Sikuwahi kusikia baba akitoa sauti kama ile.

"Niko naye jikoni, Tata," mke wangu alijibu kutoka nyuma ya nyumba. "Ananyonya."

Nilipogeuka nilimwona baba mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa ndani. Buti lake la shambani lilikuwa limekanyaga kigae changu, mkono umeshika fremu. Alinitazama, akatazama vibanio vya plastiki vilivyotapakaa kwenye mkeka, akaelewa. Kisha akautazama mguu wake. Akaurudisha nje taratibu, akaenda kuketi barazani. Mke wangu aliifuta ile alama ya tope, na hadi leo hakuna aliyeitaja. Mimi nilitamani aniite mjinga. Hakuniita.

Jumapili iliyofuata alinijia mlangoni akiwa na mbao ya mbili kwa nne aliyoiranda mwenyewe. Nilitambaa ndani ya paa nikiwa na tochi mdomoni, nikailaza ile mbao kutoka boriti moja hadi nyingine, nikaifunga kwa bolti, kisha nikatoboa na kupitisha ndoano ya chuma yenye nati mbili na washa pana, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati. Na kwa kuwa mbao ilivuka boriti zote mbili, ndoano iliweza kutokea popote nilipotaka. Ilitokea katikati kabisa, pale ua lilipokuwa. Kumbe ningemwambia tu ukweli kwamba nataka katikati, angenipa katikati siku ile ile. Iliniuma kuliko makalio.

Nilining'inia kwenye ndoano dakika nzima. Nikapumzika, nikaning'inia tena. Mara ya tatu mke wangu alihesabu kwa sauti ili baba asikie. Ndoano haikusogea hata unywele. Nikapachika feni, nikaunganisha nyaya, nikawasha meni, nikasimama kando ya swichi na kidole tayari. Binti yetu alikuwa kwenye mkeka, amelala chali.

"Tata, nawasha."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa, amelala chini yake."

"Mlete kwanza."

"Tata, nimening'inia mara tatu. Ni mbao."

Mgongo wake ulibaki dirishani.

"Hata ile ya kwanza uliniambia ni mbao."

Nikaondoa kidole kwenye swichi. Nikamwinua mtoto taratibu asiamke, nikampeleka barazani, nikamweka mikononi mwa baba yangu.