Eufrazia Ang'oa Migomba Yake

Eufrazia Nimpaye alipanda migomba yake kwa mkono wake, mche kwa mche, mwaka aliozikwa mumewe. Shamba liko Bukiriro, kwenye mteremko, na mpita njia aliyetoka juani alipolifikia alihisi ubaridi wake mabegani. Migomba ile ilimlea yeye na binti zake wawili. Ilinunua sare za shule, ikaleta bati la nyumba, na kila Jumapili ya mavuno ilitoa mkungu mkubwa kuliko yote kanisani. Eufrazia aliubeba mwenyewe kichwani, akautua mbele, akageuka kuwatazama watu na kutoa ushuhuda uleule wa kila mwaka: "Bwana asifiwe. Anipe, asinipe, mimi nimeridhika."

Watu waliitikia Amina. Walilizoea neno lile kiasi kwamba wakati wa kuchuma kahawa wanawake walitaniana nalo. Mmoja akikuta mti mtupu, mwenzake alimwambia aridhike kama Eufrazia.

Hakuwa akidanganya. Ni kwamba alikuwa bado hajanyimwa.

Mnyauko, ugonjwa unaokausha migomba, ulipoanza kusikika vijiji vya jirani, bwana shamba, kijana aitwaye Leonidas, alipita akieleza namna ya kujikinga. Panga likishakata shina moja, alisema, lipitishwe kwenye moto kabla halijagusa shina jingine, maana ugonjwa husafiri kwenye utomvu. Watu walimsikiliza, wakaguna. Wanawake wa kanisa walikuwa na desturi yao: kila Alhamisi walikwenda kwa mgonjwa au mfiwa wakamsafishia migomba, wakitoa majani makavu huku wakiimba. Sasa wawashe moto katika shamba la mtu, wapitishe chuma juu yake, wazunguke shina baada ya shina? Hivyo ndivyo mganga afanyavyo anapolizindika shamba. Mtu aliyeokoka angeonekanaje? Eufrazia ndiye aliyelisema, akalisema kwa nia njema, kwamba wao wataomba tu, inatosha. Wakaomba. Wakaimba. Wakatoka shamba hili wakaingia lile, na mapanga yaleyale yenye utomvu.

Mvua zilipokuwa zikiishia, jani moja la mgomba wa Eufrazia lilipata rangi ya manjano, likalegea kama mkono wa mtu aliyelala. Kisha la pili. Ndizi zikaanza kuiva kabla ya kukomaa. Leonidas alipasua moja, ndani ikawa na rangi ya kutu. Hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba migomba yote ya mteremko ule ing'olewe na visiki vyake, tena mapema, kwa sababu chini yake palikuwa na shamba la Joyceline, na huko ugonjwa ulikuwa haujafika.

Joyceline alikuwa mwanamke kijana mwenye watoto wadogo watatu, na hakuwa na shamba jingine.

Eufrazia aliomba apewe siku chache. Alifunga. Asubuhi alipita kati ya migomba akiweka kiganja juu ya kila shina na kumkumbusha Mungu mambo yaliyopita: sare, bati, mikungu ya kila mavuno. Hakula, wala usingizi haukuja. Mwinjilisti Bartholomayo alipofika kumjulia hali, alimkuta ameketi barazani, akaketi kando yake.

"Nilisimama mbele ya watu miaka yote nikasema nimeridhika," Eufrazia alisema. "Mwinjilisti, nilikuwa nasema nini?"

"Ulikuwa unasema ulichokijua."

"Nilikuwa nasema migomba."

Bartholomayo alimwambia amekuja na jembe, kama angelihitaji.

"Rudi nalo," alisema Eufrazia.

Kila asubuhi Joyceline alipanda hadi kwenye mpaka wa mashamba yao, akaamkia. Hakuuliza kitu. Aliangalia majani, akashuka. Asubuhi iliyofuata ujio wa Mwinjilisti aliamkia kama kawaida, akaitikiwa marahaba, lakini hakuondoka.

"Mama," alisema, "katika hayo maombi yako, na migomba yangu imo?"

Eufrazia alifungua mdomo. Hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Alitafuta katika siku zote zile za kufunga na kulia, akakuta kwamba hapana, haikuwamo hata mara moja.

"Ngoja nikalete jembe," alijibu.

Alianza peke yake na mgomba wa kwanza aliowahi kuupanda. Kisiki cha mgomba kina ukaidi, hung'ang'ania udongo hadi mwisho. Mchana Bartholomayo alirudi na jembe lake, na nyuma yake wanawake wa Alhamisi. Safari hii hawakuimba. Walichimba, wakakatakata, wakalundika, na siku zilizofuata wakarudi, hadi mteremko ukabaki udongo mtupu, na nyumba ya Eufrazia ikaonekana kutoka barabarani kana kwamba imevuliwa nguo.

Jumapili ya mavuno ilipofika alitaka kubaki nyumbani. Akaenda. Wengine walipeleka maharage na kuku. Yeye alipita mbele mikono mitupu, akageuka, na watu wakangoja neno lao.

"Sina mkungu," alisema. "Na lile neno langu, mwaka huu siwezi kulisema lote. Nimekuja tu, kwa sababu kwa Mungu ndiko ninakokujua."

Amina ilichelewa. Ilipokuja ilikuwa ya chini, kama ya watu wanaoogopa kumwamsha mtoto.

Mwaka ule alikula viazi vitamu alivyopanda pale pale, na siku nyingine uji peke yake. Alilala akiwa na wasiwasi, akaamka nao. Lakini alikuwa ameacha kumkumbusha Mungu mambo. Alimsalimia asubuhi, akaenda kulima.

Mtoto wa Joyceline alipolazwa, wanawake walikwenda kumsafishia mama yake migomba, iliyokuwa bado kijani. Walimkuta Eufrazia ametangulia, amewasha moto pembeni mwa shamba.

"Mganga wetu kafika," alisema Ernesta, ambaye alikuwa mtani wake.

"Leta panga lako basi, nikuague."

Wakacheka, wakapanga mstari. Kila baada ya shina panga lilirudi motoni, likangoja, likatoka linafuka. Kazi ilikwenda polepole. Katikati ya safu Eufrazia alianza kuimba, sauti ndogo ya mtu anayejiimbia mwenyewe. Aliimba beti zote hadi mwisho wa safu, na hakuinua macho kuutazama mteremko wake uliokuwa wazi juu yao.