Haki ya Kubishiwa Hodi

Bi Ardis Tollefson, mjane wa kwetu Minnesota, alikuwa na kibanda cha mbao juu ya ziwa lililoganda. Humo alitoboa barafu, akatumbukiza ndoana, akavua viatu na kuimba vibaya bila shahidi. Raha yake yote ilikuwa hiyo.

Serikali, kwa huruma zake, haikutaka awe mpweke. Kila msimu askari wa uvuvi, Dwight Skoglund, aliusukuma mlango alipojisikia, akachungulia ndoo kuhakikisha mjane hajaliangusha taifa kwa samaki mmoja zaidi ya idadi ya sheria.

"Dwight, je, kama ungenikuta nabadili soksi?"

"Ni ukaguzi wa kushtukiza, mama. Nikipiga hodi utashtuka vipi?"

Mwaka huu Bi Ardis akachoka. Akatia komeo, pazia na kengele, kisha akalalamika kwa wakubwa wa Dwight mpaka wakakubali: mwenyewe asiporuhusu, Dwight haingii.

Jumamosi kengele ikalia. Nje upepo ulikuwa unakata masikio. Bi Ardis alikuwa amelifanyia mazoezi neno "hapana" tangu vuli. Lakini kwetu mgeni hasimamishwi kwenye baridi, na malezi ya mama yake yakawahi kujibu:

"Pita ndani, mwanangu, utaganda! Kahawa hii hapa."

Dwight akapita, akala keki vipande viwili, akafunua ndoo.

"We Dwight!"

"Si umenikaribisha mwenyewe, mama? Sukari iko wapi?"

Bi Ardis akampa sukari, kwa hasira zake zote.