Timu za Vyuo Nilizozisemea Msibani Kabasa

Kila mwaka, ligi ya vyuo ikikaribia kuanza, watu wa Bunda wananiulizaga mimi. Siyo kwamba nimesoma. Shule niliachia darasa la tatu, ng'ombe wa baba walikuwa wengi na watoto tulikuwa wachache. Lakini miguu ninayo. Mazoezi yakianza nazungukaga mwenyewe, Musoma, Bunda, Butiama, nakaa pembeni ya uwanja naangalia vijana wanavyokimbia, halafu nikirudi nasema nani ana timu na nani ana jezi tu. Simuonei mtu haya. Mwalimu mmoja alininunia mwaka mzima kwa sababu nilisema kipa wake anadaka mpira kama anayepokea kitoto cha jirani.

Mwaka huu nimezisemea msibani.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na mtoto mmoja tu, anasoma ualimu kule Butiama, winga wa kushoto. Homa ilimkamata akiwa chuoni, wiki haikuisha. Tukamzika Kabasa, nyumbani kwa mama yake. Kesho yake wanaume tumekaa nje kwenye viti vya kukodi, chai imeisha, na msibani mnajua kulivyo, huwezi kuongelea marehemu kutwa nzima. Mmoja akaleta habari ya mahindi, mwingine ya mvua. Halafu jirani, fundi baiskeli, akanigeukia.

"Mzee, vyuo mwaka huu vipi? Au na wewe umestaafu?"

"Nistaafu, kwani niliajiriwa?"

Wakacheka, wakajizuia.

Basi nikaanza. Nikasema wauguzi wa Musoma wanabebwa na uwanja wao, maana upepo wa ziwani ukivuma pale, mpira wa juu unamrudia aliyeupiga na mgeni anabaki ameduwaa. Mimi mwenyewe upepo huo ulishaniondokea na kofia nzuri, niliachiwa na baba mkwe, sijaiona tena. Nikasema mafundi wa chuo cha hapa Bunda wana mabeki wagumu lakini mbele hakuna mtu, wanaupiga mpira kama wamegombana nao. Nikaishia hapo. Watu wakaitikia "ndiyo, ndiyo," wakaanza kutafuta ndala kwa miguu.

Mdogo wangu alikuwa amekaa na wanawake kwenye mkeka, mlangoni, kanga kichwani. Tulidhani hasikii.

"Kaka, mbona Butiama umewaruka?"

Fundi baiskeli akasema, "Mama, hayo tuyaache."

"Sijakuuliza wewe, shemeji. Namuuliza kaka yangu. Kila mwaka anawasemaga."

Kweli niliwaruka. Na niliwaona. Siku niliyoenda kumjulia hali mpwa wangu huyo kitandani, nilipotoka nilipitia uwanjani, wenzake walikuwa mazoezini.

"Wamemuweka nani pale kwake?" mdogo wangu akauliza.

"Kijana mmoja wa Buswahili."

"Anaweza?"

Wazee wote wakaniangalia. Nilijua wanataka niseme nini, kwamba pengo halizibiki, Butiama wamekwisha. Maneno hayo ni mepesi, na msibani ndiyo mahali pake. Lakini yeye alikuwa ameniuliza mpira.

"Anaweza."

"Kuliko wangu?"

"Wako alikuwa na mbio. Huyu mbio hana, ila anatulia, anaangalia kabla hajapiga. Wako nilimwambia sana hilo."

"Hasikiagi," akasema, na midomo ikataka kucheka. Halafu ikaacha. "Kwa hiyo watashinda."

"Naona watachukua kombe, mdogo wangu."

Akaishusha kanga mpaka machoni.

"Mimi nilitaka wafungwe," akasema. "Wafungwe kila wanapokwenda, mpaka waulizane yuko wapi."

Wanawake wakamuinua wakamuingiza ndani. Shangazi yetu akatoka akanifokea mbele za watu, "Mzee mzima, kinywa kama kopo!"

Ligi imeanza. Mechi ya kwanza Butiama walikuja kucheza na mafundi hapa Bunda, nikaenda. Nilipotoka nikajikuta nimeshika njia ya Kabasa. Mdogo wangu alikuwa uani anapepeta dagaa kuwatoa mchanga. Hakunikaribisha kiti.

"Ngapi?"

"Butiama mbili, mafundi hawakupata kitu."

"Na huyo wa Buswahili?"

"Kafunga moja."

Akapepeta, akapepeta. Dagaa walishatakata zamani.

"Walishangilia?"

"Walishangilia."

"Sana?"

"Sana, mdogo wangu. Walimbeba juu."

Akauweka ungo chini, polepole, akaingia ndani akafunga mlango. Nikangoja pale uani. Kuku wakaja kwenye ungo, nikawa nawafukuza, wanarudi, nawafukuza, mpaka jua likazama na mlango haujafunguliwa.