Uvimbe wa Fundi Pini

Mtaa mzima unamwita dada yangu Fundi Pini, kwa sababu pini zake hukaa mdomoni, si kwenye kikopo. Miaka ishirini anashona sare za shule huku amezibana mdomoni, na bado anapata nafasi ya kunisema. Siku niliyomkuta anashona bila pini, kimya, nilijua kuna jambo.

Nikamvuta dirishani, nikamfunua mdomo wa chini. Kwa ndani palikuwa na kiuvimbe cha samawati kinachong'aa, ukubwa wa punje ya mahindi.

"Kilipasuka wiki iliyopita, kikatoa ute," akasema. "Kimerudi."

Mama yetu alianza na kiuvimbe mdomoni, na mwaka haukuisha tukamzika.

"Twende hospitali."

"Ngoja nimalize hizi sare."

"Sare zikaoze huko! Vaa viatu!"

Daktari wa meno alikibonyeza kwa kidole. Kilikuwa laini, kinatepeta. "Nadhani ni mate tu," akasema. "Tezi dogo la mate limeumia, labda kwa hizo pini, mate yakakosa njia yakajikusanya. Ukikitoboa kitarudi. Tutakitoa pamoja na tezi lake, halafu tupeleke maabara tuwe na uhakika."

Tukakaa kwenye benchi kusubiri. Mikono ya dada ilikuwa baridi. Nami sina breki mdomoni, nikaropoka: "Hata mama walimwambia si kitu. Siwaamini hawa."

Dada akainamisha kichwa. "Hawakusema hivyo."

"Wee!"

"Daktari aliandika mama akatwe kile kiuvimbe wiki ileile. Karatasi alinipa mimi. Nilikuwa na sare za shule nzima mezani, mdogo wangu. Nikasema wiki ijayo, wiki ijayo, ikawa miezi mitatu. Wewe uliyekuwa mbali nikakwambia si kitu." Akanishika mkono. "Sasa ni zamu yangu. Sikutaka kufa nalo."

Nesi akamwita ndani. Ganzi, nusu saa, nyuzi tatu, akatoka na mdomo umevimba.

Majibu yalichukua siku kumi. Nilimpikia uji, nikaupoza, nikamwekea mbele. Kila asubuhi nilimwombea apone. Kuna asubuhi mbili, Mungu anisamehe, sikumwombea.

Siku ya kumi daktari akasoma karatasi, akatabasamu. "Mate tu. Hakuna saratani. Acha kubana pini."

Dada akapiga kigelegele mle mle ndani, akamkumbatia nesi, akanigeukia. "Mbona umenuna? Nimepona!"

"Nimefurahi."

Tulipofika getini akapunguza mwendo. "Yale ya kwenye benchi yalikuwa woga tu, mdogo wangu. Tuyaache, eh?"

Nilikuwa na swali moja tu, limenikaba siku kumi. "Mama alijua kuhusu ile karatasi?"

Uso ukamshuka.

"Alijua," akasema. "Kila Jumatatu alivaa vya kwenda hospitali, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanisubiri nimalize."